Mungu Ana Uwezo, Lakini Hilo "Tu" Lako Liondoe

Kama umewahi kukosa kazi, kufiwa, kuugua au kufungiwa mlango na mwenye ploti hapa Kenya, basi umewahi kuambiwa maneno haya: "Mungu ana uwezo. Wewe omba tu." Umeambiwa na shangazi kwa simu. Umeambiwa kwenye grupu ya WhatsApp ya familia, na emoji tatu za mikono iliyounganishwa. Umeambiwa na mchungaji, na mbunge wako, na hata yule mtu wa mkopo wa simu anayekukumbusha deni kisha anamalizia kwa kukutakia siku ya baraka. Ni maneno ya bure, yanatoka haraka, na ukiyajibu wewe ndiye unaonekana huna adabu.

Mimi nimeamua kuyajibu.

Sina ugomvi na nusu ya kwanza. Mungu ana uwezo: naamini hivyo, na niliamini kabla sijajua kuandika jina langu. Nimelelewa Dandora, chumba kimoja, watu watano, na mama aliyekuwa akituamsha saa kumi alfajiri tuombe kabla hajaenda Marikiti kuchukua sukuma wiki ya kuuza. Kwa hivyo msinijibu kwamba huyu ni msomi wa mjini aliyeasi. Sijaasi. Naomba kwa mat, naomba kwa foleni, naomba usiku nikikosa usingizi.

Ugomvi wangu uko kwa lile neno dogo la mwisho. "Tu." Ukiniambia "omba", umenialika. Ukiniambia "omba tu", umeniamuru ninyamaze. Maana yake ni usiulize, usidai, usilie kwa sauti, usiende hospitali, usiende kortini, usitoke barabarani. Na wanaolitumia hilo "tu" ni wa aina tatu. Kila mmoja ana sababu zake, kwa hivyo nitawachukua mmoja mmoja.

Wa kwanza ni yule anayeuza.

Wengine wenu mlikuwa shule ya msingi Novemba 2014, runinga ilipoonyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyokuwa akiosha watu miguu, maji yanageuka mekundu kama damu, na watu wanalia wakidhani wameona muujiza. Haikuwa damu. Ilikuwa potasiamu pamanganeti, kitu cha kununua dukani. Na "mbegu" ya kupanda ili uombewe ilikuwa shilingi 310. Nambari hiyo ikawa mzaha wa taifa. Hadi leo ukimwambia mtu "panda 310" atacheka. Lakini chini ya mzaha huo kulikuwa na watu walioenda pale wakiwa wagonjwa kweli, wakiwa na shida za kweli, na 310 ilikuwa unga wa siku mbili.

Hebu tufikirie pamoja, polepole. Ukisema Mungu aliumba Mlima Kenya na bahari na nyota ambazo hakuna aliyezihesabu, halafu ukasema hawezi kushughulikia figo za mama yangu hadi nitume pesa kwa simu, umesema vitu viwili visivyoweza kukaa nyumba moja. Ama uwezo wake ni mkubwa na hauhitaji pesa yangu, ama unahitaji pesa yangu na basi si mkubwa. Chagua moja. Anayeuza uwezo wa Mungu ameshachagua kitambo: yeye mwenyewe hauamini. Angeuamini, angeogopa kuupangia bei.

Na biashara yenyewe haina kurudisha. Ukinunua viatu Gikomba na soli ikatoka siku ya pili, unarudi kwa yule jamaa, mnapigizana kelele, na mara nyingi mnasikizana. Ukinunua muujiza na usitokee, unaambiwa tatizo ni mguu wako. Imani yako ilikuwa haba. Ulitoa shingo upande. Kuna dhambi umeficha. Unarudi nyumbani na ugonjwa wako uleule, mfuko mtupu, na juu yake umebebeshwa hatia. Mtu aliyeingia pale akiwa na shida moja anatoka na tatu.

Tulikoweza kufika kwa njia hiyo tulikuona Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Watu walifunga kula hadi kufa wakiamini wanaenda kukutana na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na mingi ilikuwa ya watoto. Mtoto mdogo hafungi kwa imani. Mtoto ananyimwa chakula. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa na akakana mashtaka, na hiyo kesi nawaachia mahakimu. Wala sisemi kwamba kila mchungaji anayepitisha kikapu cha sadaka ni wa Shakahola. Huo ungekuwa uongo, na ungekuwa matusi kwa wachungaji ninaowajua wanaozika maskini bila kulipwa hata nauli.

Ninachosema ni kwamba mambo hayakuanzia msituni. Yanaanza siku mtu mmoja anapoaminika kuwa ndiye mwenye laini ya moja kwa moja kwa Mungu, na kumuuliza swali kukaitwa kukosa imani. Kabla ya kufunga kula kulikuwa na mahubiri ya kukataa shule, na mahubiri ya kukataa hospitali. Usiende shule, Mungu atakufundisha. Usiende hospitali, omba tu. Hatua kwa hatua. Hilo "tu" mwanzoni lilikuwa dogo kama lile la shangazi.

Wa pili ni yule anayejificha.

Huyu hakuuzii kitu. Anataka ufumbe macho, kwa sababu ukiyafumbua utaona mikono yake.

Februari 14, 2023, rais aliongoza maombi ya kitaifa ya mvua katika uwanja wa Nyayo. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imefeli mfululizo na Wakenya zaidi ya milioni 4 walikuwa wanahitaji msaada wa chakula. Sicheki maombi hayo hata kidogo. Mfugaji wa Marsabit aliyeona mifugo yake ikifa mmoja baada ya mwingine alikuwa na haki ya kupiga magoti, na mimi niliomba naye nikiwa kejani. Mvua ikaja. Ikaja tena mwisho wa mwaka, na mwaka uliofuata ikazidi. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200. Mathare, maji yaliingia ndani ya mabati watu wakiwa wamelala. Mai Mahiu, maji yaliteremka na matope na mawe yakabeba familia nzima.

Sasa, ukisema maombi ya mvua yalijibiwa, sitakubishia. Lakini niambie: mtaro ulikuwa kazi ya nani? Bwawa la kushika maji yale ili mwaka wa ukame tusiombe tena tukiwa na midomo mikavu, lilikuwa kazi ya nani? Mungu hajawahi kupewa tenda ya kaunti. Kuna mtu alipewa, akalipwa, na leo akihojiwa anasema hayo ni mapenzi ya Mungu.

Kiongozi akipanda jukwaani na kusema "tumwachie Mungu", sikiliza vizuri ni nini hasa anachoacha. Mara nyingi anaacha kazi yake mwenyewe, yenye ofisi, yenye gari, yenye mshahara tunaoulipa sisi. Mei 2025, kwenye hafla ya Maombi ya Kitaifa, rais aliwaomba vijana msamaha kama kulikuwa na makosa. Nilipenda kusikia hivyo. Haikupita wiki mbili kabla ya mwalimu kijana aliyekuwa akiandika mtandaoni kufa akiwa mikononi mwa polisi, hapa hapa katikati ya Nairobi. Jina lake mnalijua. Ukiomba msamaha mbele ya Mungu, inabidi watu wauone kesho yake kwenye seli, kwenye mahakama, kwenye kituo cha polisi. Usipoonekana huko, hayo yalikuwa maneno ya kifungua kinywa.

Ndiyo maana nilishangilia Novemba 2024, Kanisa Katoliki jimbo kuu la Nairobi lilipoagiza irudishwe michango ya mamilioni ambayo rais na gavana walitoa katika parokia ya Soweto. Kurudisha ile pesa kulisema jambo kuhusu uwezo wa Mungu ambalo mahubiri mengi ya Jumapili huwa hayalisemi: kwamba nyumba ya padre inaweza kujengwa bila bahasha ya mwanasiasa, hata ikichukua muda. Huko ndiko kumtegemea Mungu. Kanisa linalosema Mungu wetu ni mkubwa huku linaogopa kumkosea mtoa harambee linaabudu mtoa harambee.

Wa tatu ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu nampenda.

Huyu ni ndugu, ni beste, ni jirani. Hauzi na hajifichi. Amechoka, au anaogopa. Ukimwambia umefika mwisho, hajui aseme nini, basi anatoa "omba tu" kama mtu anavyotoa sarafu kwa chokoraa ili taa za barabarani zikibadilika gari liondoke. Si ubaya. Lakini madhara yake ni yale yale.

Nina rafiki, kijana wa Rongai, aliyekuwa haamki kitandani wiki nzima. Hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa wa akili, na daktari alishampa dawa. Watu wake wa karibu wakamwambia dawa ni za wasio na imani, azitupe, aingie kesha la siku saba. Akazitupa. Siku ya tano hakujua yuko wapi. Leo yuko hai kwa sababu dada yake alimshika mkono akamrudisha kliniki, na dada huyo ni mwombaji kushinda wote waliokuwa kwenye lile kesha. Tofauti ni moja: yeye aliomba, kisha akatafuta nauli.

Na kumbuka tunaongea kuhusu nchi gani. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Ilikuwa hadi Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Fikiria kijana aliyefika ukingoni katika miaka hiyo yote. Sheria inamwita mhalifu. Nyumbani anaambiwa ni mapepo. Kanisani anaambiwa aombe tu. Kila mlango aliogonga ulikuwa umeandikwa "Karibu" na umefungwa kwa ndani. Sheria tumeanza kuirekebisha. Milango hiyo mingine miwili ni yetu sisi, hakuna jaji atakayekuja kutufungulia.

Nitawaambia kuhusu mama yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kujibu. Figo zake zilifeli, sasa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Oktoba 2024, NHIF ilipofungwa na SHA ikaanza, tulifika hospitali tukaambiwa mfumo haumwoni, tulipe keshi au tusubiri. Damu chafu haisubiri mfumo. Tukachanga. Watu wa kanisa lake wakachanga pia, wengine wakiuza mayai, Mungu awabariki. Kisha mmoja kutoka kanisa hilo hilo akaja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akamwambia mama kwamba angekuwa na imani ya kutosha angeiacha ile mashine.

Mama akamwangalia kwa upole. "Mtumishi," akasema, "mimi Mungu namwamini. Hata hiyo mashine naiombea, na aliyeitengeneza, na nesi anayenidunga. Chai ikiisha, utuombee ukiwa njiani."

Ona alichofanya hapo. Yule mtumishi alidhani anatetea ukuu wa Mungu, kumbe alikuwa anampunguza. Mungu wake ni mdogo sana: anafanya kazi ndani ya maombi pekee, akiona mashine anakasirika kama mganga aliyeletewa mshindani. Mungu wa mama ni mkubwa kiasi kwamba yuko ndani ya maombi, na ndani ya mashine, na kwa akili ya mtu aliyekaa maabara huko mbali miaka mingi iliyopita akitafuta jinsi ya kuchuja damu. Ukitaka kuniambia nani kati ya hao wawili ana imani kubwa, fikiria kwanza nani ana Mungu mkubwa.

Sasa nageukia upande wa pili, kwa sababu najua kuna wasee wanaosoma hapa wakitabasamu. Nyinyi mnaoweka komenti kwamba waombaji ni wajinga, kwamba Afrika ingeacha magoti ingeendelea, kwamba kanisa na msikiti ni kazi ya kupoteza saa. Msifikiri nawaandikia nyinyi shangwe.

Swali langu kwenu ni rahisi: mmewahi kukaa kwenye baraza la wodi saa tisa usiku? Hapo kuna mama ameketi kwa benchi, mtoto wake yuko ndani, daktari amesema wafanye kusubiri. Pesa ameshatafuta. Simu ameshapiga zote. Hakuna petisheni ya kutia sahihi saa hiyo. Amebaki na maombi. Unataka afanye nini, asome makala yako? Anayemcheka huyo mama hana ujasiri wa kifikra. Hajawahi kuishiwa, basi.

Na mnaosema maombi hulaza watu, mmesahau historia ya mji wenu wenyewe. Februari 28, 1992, mama za wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park, wakagoma kula, wakitaka wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa nao. Hawakuwa wanaharakati wa kulipwa. Wengi walikuwa wakina nyanya wa mashambani, na silaha zao zilikuwa nyimbo, maombi na kutoondoka. Machi 3 polisi wakaja na marungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai akapigwa hadi akazirai. Baadhi ya wale wamama wakavua nguo mbele ya polisi, laana ambayo kila Mwafrika mwenye mama anaielewa. Walipofukuzwa hapo walienda kanisa kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa huko karibu mwaka mzima, hadi wana wao wakaanza kutoka. Tangu hapo kona ile tunaiita Freedom Corner.

Wale wamama waliomba? Waliomba usiku na mchana. Waliomba tu? Hapana. Na hiyo ndiyo hoja yangu nzima. Hawakuomba badala ya kuketi pale bustanini, na hawakuketi pale badala ya kuomba. Ni kwa sababu waliamini kuna mwenye uwezo kuliko serikali ya Nyayo ndipo hawakuiogopa serikali ya Nyayo. Mtu anayeamini kwa dhati kwamba Mungu ni mkubwa kuliko rungu, mwishowe rungu linaishiwa na la kumwambia. Dikteta anajua hivyo. Julai 7, 1997, Saba Saba, polisi waliingia ndani ya kanisa lile lile la All Saints na kumpiga mchungaji Timothy Njoya. Hakuna serikali inayotuma askari kupiga maombi yanayolaza watu.

Kwa hivyo wacheshi wa mtandaoni na wauza mbegu mna kitu kimoja mnachokubaliana: nyote mnaamini kwamba kuomba ni kuacha kufanya. Nyinyi mnakucheka, wao wanakuuza. Nyote mmekosea.

Basi kumtegemea Mungu wakati wa shida ni nini? Mimi si mtheolojia, lakini vitabu vilevile wanavyotupigia kichwani nimevisoma, na sioni "omba tu" mle ndani.

Naona Ayubu, amepoteza watoto na mali, na rafiki zake watatu wamekuja. Siku saba za kwanza wanakaa naye chini, kimya. Hizo ndizo siku zao bora. Wanaharibu mambo wanapofungua mdomo na kuanza kumweleza kwamba lazima kuna kosa amefanya. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wale waliomtetea, na si Ayubu aliyelalamika. Soma tena hapo kabla hujamwambia mtu imani yake ni haba.

Naona Zaburi, na nyingi kati yake ni malalamiko matupu. Ya 88 inamalizikia gizani, hakuna mstari wa kutuliza roho mwishoni, na bado wazee waliiweka kitabuni. Namwona Habakuki anaanza moja kwa moja kwa kumuuliza Mungu ataita hadi lini. Naona vijana watatu mbele ya tanuri la Babeli wakimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawatainama. Namwona Yesu mwenyewe Gethsemane, anaomba kikombe kiondolewe, na hakikuondolewa. Kuna mtu atasimama atuambie imani yake ilikuwa haba?

Na ndugu zetu Waislamu wana mafundisho yanayojulikana kila mahali kutoka Eastleigh hadi Lamu, ya Mtume alipoulizwa kama mtu amfunge ngamia au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu. Jibu lilikuwa afunge, kisha ategemee. Tawakali haikufuti kamba.

Hapa kuna jambo ambalo waambiaji wa "omba tu" hawajalifikiria. Wanadhani kulalamika ni kukosa imani katika uwezo wa Mungu. Ni kinyume. Stima ikipotea mtaani, humlalamikii mlinzi wa geti. Unajua hana lolote anaweza kufanya. Unawalalamikia wenye stima. Mtu analalamika kwa mwenye uwezo. Anayemlilia Mungu usiku, anayemuuliza mbona, anayemwambia hii si haki na wewe unaona, huyo ndiye anayeuchukulia uwezo wa Mungu kwa uzito. Anayesema "ni sawa tu, ni mapenzi yake" kabla hata machozi hayajakauka, mara nyingine ameshakata tamaa kitambo na amekata tamaa kwa adabu.

Kwa hivyo nina maombi kwenu, na si ya kufumba macho.

Wachungaji na maimamu, mkihubiri ukuu wa Mungu, hubirini pia kuhusu dawa, kuhusu mshauri wa akili, kuhusu haki ya mgonjwa, kuhusu mahali pa kuripoti. Ukuu wa Mungu hautapungua. Na mtu akija kwako bila muujiza kwa mara ya kumi, usimtafutie kosa. Mtafutie kiti.

Viongozi, kanisani karibuni. Kaeni viti vya nyuma kama sisi. Maikrofoni iacheni kwa wenyewe, na mkitoka nendeni mkachimbe mtaro.

Na wewe, rafiki wa mtu aliyesota, aliyefiwa, aliyevunjika. Najua huna pesa; mimi pia sina. Hukuombwa pesa. Safari ijayo ulimi ukitaka kusema "omba tu", meza hilo "tu" na uweke kitu mahali pake. Omba, na Jumanne nitakusindikiza kliniki. Omba, na nitumie CV yako niipitie. Omba, na leo nalala kwenu, usikae peke yako. Omba, na tukutane hapo Freedom Corner saa nne. Na kama kweli huna kitu chochote cha kuongeza, kaa naye kimya, siku saba ikibidi. Rafiki za Ayubu waliliweza hilo kabla ya kuharibu.

Mungu ana uwezo. Nalisema kwa sauti, na sitakubali mtu alitumie kuninyamazisha.